Kumshtaki Mtu, Kudai Kitu

Mtu akikaa kwenye baraza ya Kibokoni, hapa Mombasa, akasema, "Fulani nimemshitaki," swali la kwanza atakaloulizwa halitahusu kosa. Ataulizwa, "Umemshitaki kwa nani?" Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa majibu yanayowezekana ni mengi. Mtoto humshtaki nduguye kwa mama, mwanafunzi humshtaki mwenzake kwa mwalimu, mke humshtaki mumewe kwa wakwe, jirani humshtaki jirani kwa mzee wa mtaa au kwa chifu, na aliyewakatia tamaa wote hao husema amemshtaki kwa Mungu, akajinyamazia. Mahakama imo katika safu hiyo, lakini haiko mbele. Wengi kisiwani hulitamka neno lenyewe kwa i katikati, magazeti huliandika bila i, na hilo lisitupotezee wakati leo. Linalonishughulisha ni jinsi kitenzi hiki kimoja kilivyotwishwa kazi zote za sheria, hata zile ambazo Kiswahili kina neno bora la kuzifanyia. Nasema hivi: mtu anayetaka alipwe, arudishiwe, au apewe kilicho chake, hashtaki; anadai. Na tofauti hiyo, katika mji ambao mdai na mdaiwa huswali msikiti mmoja na kuzikana makaburi mamoja, ina athari kwa mwenendo wa watu kuliko tunavyokubali.

Tuanze na sarufi, maana ushahidi wake haumtaki mtu aniamini mimi. Kushtaki kumetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kulalamika, wa kueleza dhiki mbele ya mwenye uwezo wa kuiondoa. Ukikitia kitenzi hicho katika sentensi, kinaita watu wawili: aliyekosa na anayepokea habari. "Nimemshtaki Ali kwa baba." Na "nitakushtaki kwa mamako" ni kitisho ambacho kila mtoto wa pwani amekisikia. Katika sentensi hizo kuna jambo moja halimo, nalo ni kile unachokitaka. Huwezi kusema "nimemshtaki elfu ishirini", lugha inakataa. Sasa geukia kudai. "Namdai elfu ishirini." "Namdai kodi ya miezi mitatu." "Anamdai mahari yake." Mtu yumo, kitu kimo, na vyote vimekaa ndani ya sentensi moja bila kubanana. Asiyekuwamo ni yule mwenye nguvu wa kusikiliza. Kwa hiyo unaweza kumdai mtu mkiwa wawili mlangoni pake, kisha ukamdai mbele ya wazee, kisha ukamdai mbele ya jaji, na kitenzi kikabaki kile kile tangu mwanzo hadi mwisho. Kesi inakuwa ni muendelezo wa jambo lililokuwapo. Kushtaki hakuna daraja hiyo ya kwanza. Kunaanza pale unapomwacha mwenzako ukaenda kwa mtu wa tatu.

Lichukue jambo la kawaida kabisa katika nyumba za Mji wa Kale: mpangaji wa chumba cha juu amehama, ameacha ufunguo, na dipoziti yake haijarudi kwa madai kwamba kuta zinataka rangi. Akimwambia mwenye nyumba, "Ami, nimekushtaki," jibu litakuwa, "Nimekukosea nini mimi?" Hapo hapo mazungumzo yameshahamia kwenye tabia ya ami, ukoo wake, mema aliyomfanyia huyo mpangaji siku za nyuma, na shukrani ya punda. Akimwambia, "Ami, nakudai ile dipoziti yangu," jibu litakuwa ama "sikudai nawe hunidai," ama "unanidai kiasi gani?" au "nitakupa, lakini nakata ya rangi." Jibu la tatu ndilo la thamani. Kudai huacha nafasi ya kukubali nusu: nadaiwa kweli, lakini elfu saba, si kumi; nadaiwa, lakini si mwezi huu. Kushtaki hakuna nusu. Mwenye kuwahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya hakimu hapa kwetu anajua jinsi shtaka linavyosomwa: mshtakiwa husomewa maelezo, kisha huulizwa kama ni kweli au si kweli, naye hujibu "ni kweli" au "si kweli", na karani akaandika. Maneno mawili tu ya kuchagua. Ndivyo inavyopasa kuwa kwa aliyeshukiwa wizi. Lakini hakuna mdaiwa wa dipoziti anayepaswa kuulizwa hivyo, na sheria yenyewe haimuulizi hivyo. Humpa nafasi ya kuandika majibu yake, akubali hiki na akatae kile, na hata yeye adai chake.

Nadhani hofu ya neno kushtaki mjini hapa ina historia inayoonekana kwa macho. Waingereza walipotwaa pwani kuwa nchi ya himaya mwaka 1895, waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa gereza, ikabaki hivyo mpaka 1958. Kanuni za mwaka 1897 zikapanga mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi chini ya serikali mpya. Kisha mwaka 1902 likajengwa jumba la mahakama karibu na uwanja wa Treasury Square, lile ambalo leo liko chini ya Makavazi ya Taifa. Kutoka jumba hilo hadi lango la ngome ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mtu wa Mombasa aliyesikia kwamba jamaa yake "ameshtakiwa" alikuwa na picha moja ya mambo yatakapoishia, na picha hiyo ilikuwa na kuta za matumbawe. Sisemi kwamba kila kijana wa leo anaikumbuka. Nasema neno hurithiwa pamoja na mtetemeko wake, na anayerithi si lazima ajue ulikotoka.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili, na huu ndio unaonifanya nishikilie kudai kwa mikono miwili. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Kila mwenye shamba au kiwanja alitakiwa kupeleka madai yake kwa afisa wa kuandikisha, aonyeshe hati au alete mashahidi. Ardhi ambayo hakutokea mtu wa kuidai ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wako waliokuwa na hati za kadhi wakazipeleka. Wako waliodhani kulima na kuzikana mahali kwa vizazi kunatosha kuwa ushahidi. Matokeo yake hayajaisha. Nenda Majengo, hapa hapa kisiwani, ukakute mtindo ambao wageni hupata taabu kuuelewa: nyumba ni ya mmoja, ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kuna mambo mengi yaliyoleta hali hiyo, na sitaki kuyakunja yote katika sheria moja. Hata hivyo, mji huu umeshaona kwa macho kwamba asiyedai hupotelewa, na hasara hiyo haikutokana na kukosa ujasiri wa kumshtaki mtu. Hapakuwa na mtu wa kushtakiwa. Palikuwa na kitu cha kudaiwa.

Leo wanaolichanganya jambo hili zaidi ni sisi wa redio na wenzetu wa magazeti. Sikiliza taarifa ya habari. Kampuni iliyokosa kulipa mkandarasi "imeshtakiwa". Mtu aliyeiba kuku "ameshtakiwa". Kaunti inayotakiwa kufidia mwenye duka lililobomolewa "imeshtakiwa", na mwenye duka, maskini, anaitwa "mlalamishi". Hebu lipime hilo neno mlalamishi katika mazungumzo ya nyumbani. Mlalamishi ni mtu asiyeridhika na chochote, chai haina sukari, feni ina kelele, watoto wa siku hizi hawana adabu. Hilo ndilo jina tunalompachika mtu aliyekwenda mahakamani na risiti mkononi. Na upande wa pili tunasema "ameburutwa kortini", kama mbuzi aliyekataa kwenda machinjoni, hata ikiwa wakili wake ndiye aliyepeleka karatasi na mwenyewe alikuwa ofisini kwake akinywa kahawa. Watanzania wametuzidi hapa. Kwao kuna kesi ya jinai na kuna kesi ya madai, kuna mshtakiwa na kuna mdaiwa, na sheria yao ya mwaka wa 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama imewapa sababu zaidi ya kuyatunza maneno hayo. Sisi Wakenya tuna Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na jina la ofisi hiyo limekaa sawasawa kabisa. Kisha tunalichukua lile lile shtaka la ofisi yake tunamvika mwenye duka la simu anayedaiwa mabaki ya mkopo.

Wapo watakaoniuliza: kwani kuna haja gani ya kudai badala ya "kufungua kesi" au "kwenda mahakamani", maneno ambayo hayana ukali? Sina ugomvi nayo. Kufungua kesi ni kauli safi, na wazee wa zamani walikuwa na daawa, neno ambalo bado halijafa Unguja. Ila kauli hizo zinaeleza mlango aliopitia mtu, hazielezi alichokifuata. Hapa Mombasa tuna mfano mzuri zaidi, nao ni "kwenda kwa kadhi". Mwanamke akisema "nimekwenda kwa kadhi", habari imekamilika, hakuna atakayemuuliza "kwa nani", wala hakuna aliyeshtakiwa ndani ya sentensi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imeziwekea mahakama za kadhi mipaka: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, kwa Waislamu, na pande zote ziwe zimekubali kusikilizwa huko. Ukitazama orodha hiyo utaona imejaa vitu vya kudaiwa: mahari iliyobaki, matumizi ya eda, chakula cha watoto, fungu la mirathi ya nyumba. Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch, aliyefuatilia mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1998, alikuta kwamba wanawake ndio waliopeleka kesi nyingi, na mara nyingi walipata walichokitaka. Kwa mtu aliyelishwa hadithi ya mwanamke wa pwani asiyefungua kinywa, hilo ni la kushangaza. Mwanamke huyo huyo anayeambiwa nyumbani avumilie alikuwa akiondoka na buibui lake akaenda kueleza.

Nitakuwa mwongo nikisema utafiti huo unaniunga mkono moja kwa moja. Hirsch alionyesha pia kwamba mwanamke anayesimulia mambo ya ndani mbele ya kadhi hulipa gharama ya heshima hata akishinda, kwa sababu kusimulia aibu ya nyumba nje ya nyumba ni jambo lisilotarajiwa kwa mtu wa adabu. Kwa lugha yetu ya leo, alikwenda kudai lakini njia ya kufikia dai ilipita katika kushtaki. Ilibidi aseme mume alifanya hivi, akasema vile, akalala nje. Tofauti ninayoitetea, basi, haiwi safi kila mara. Madai mengine hayathibitiki mpaka mtu ashtakiwe njiani. Lakini hapo napo neno lina kazi. Anayejua kwamba amekuja kwa ajili ya matumizi ya miezi sita atasimulia yale yanayohusu miezi sita. Aliyeambiwa kwamba amekuja kumshtaki mumewe atasimulia miaka kumi na miwili, na mume atajibu kwa miaka kumi na mitatu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: watu hawaogopi maneno, wanaogopa gharama. Wakili ana ada yake, kesi inaahirishwa, siku ya kazi inapotea, na Mahakama Kuu inaendeshwa kwa Kiingereza. Sheria inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini tu. Ni kweli. Aliyeshuka kwenye matatu mara nne kwa ajili ya kesi iliyoahirishwa mara nne hahitaji somo la vitenzi kutoka kwangu. Ila tazama nini kimetokea katika miaka ya karibuni. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema mtu anayedai haki yake ya msingi imevunjwa hatatozwa ada ya kuanzisha kesi, na kwamba mahakama, ikibidi, itapokea hata maandishi yasiyofuata fomu rasmi. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya mahakama ambayo kwa Kiswahili huitwa Mahakama ya Madai Madogo. Kiwango chake leo ni shilingi milioni 1, uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 60, mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Haishiki kashfa, haishiki ugomvi wa hatimiliki ya ardhi, haishiki ajira. Inashika mikataba ya bidhaa na huduma, na pesa za mtu zilizoshikiliwa na mwingine. Soma tena hiyo ya mwisho. Dipoziti ya yule mpangaji wetu wa chumba cha juu ni pesa ya mtu iliyoshikiliwa na mwingine. Gharama, ucheleweshaji na wakili, vizuizi vitatu tulivyovitaja, vimepunguzwa kwa sheria. Ukimuuliza mpangaji huyo sasa kwa nini haendi, atakuambia, "Siwezi kumshtaki mtu mzima yule." Hapo si gharama tena inayomzuia. Mahakama ambayo jina lake lina madai ndani yake, yeye anaisikia kama ya mashtaka.

Najua pia kwamba kudai kuna doa lake. Wanahabari wamekizoesha kuwa kitenzi cha shaka: polisi wanadai kwamba mshukiwa alitoroka, mwanasiasa anadai kuwa kura ziliibwa. Mtu akiambiwa "unadai" anaweza kuhisi anaambiwa "unasema tu". Lakini msikilizaji wa Kiswahili hachanganyikiwi hapo, kwa sababu muundo unazitenga maana. Kudai kwamba ni kusema bila ushahidi bado. Kumdai mtu kitu ni kushika mkono wake. Hakuna aliyewahi kusikia "fulani ananidai elfu tano" akafikiri elfu tano hizo ni uvumi. Doa la kweli liko kwenye neno mdaiwa. Katika masikio ya Mombasa mdaiwa ni mwenye deni, deni limeshathibiti, na dawa ya deni ni kulipa. Kumwita mtu mdaiwa kabla hakimu hajasema ni kumhukumu mapema kidogo. Hili sina jibu lake kamili. Naona tu kwamba neno mshtakiwa humhukumu mapema zaidi, na kwa jambo baya zaidi. Na aliyekuwa mdaiwa akashinda hurudi barazani akasema "hanidai", neno moja, yamekwisha. Aliyekuwa mshtakiwa akaachiliwa huwa "yule aliyeshtakiwa" mpaka aingie kaburini.

Asije mtu akadhani kudai ni kwa ajili ya vipesa vidogo na jirani kwa jirani, na kwamba mambo makubwa ndiyo yanayotaka kishindo cha kushtaki. Kesi kubwa kuliko zote zilizotoka Mombasa katika miaka hii ni ya Owino Uhuru, kijiji kilicho upande wa bara wa magharibi, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi. Wakazi, wakiongozwa na shirika la mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Vichwa vya habari vilisema wameishtaki serikali. Walichokiomba kwenye karatasi zao kilikuwa fidia kwa walioumia na waliokufa, na udongo wa kijiji usafishwe. Tarehe 16 Julai 2020 jaji aliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, akaamuru pia usafishaji. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Sasa mtu aliyeisikia habari hii kama ya "kushtaki serikali" aliona imekwisha siku ile ya Julai: serikali imeshindwa, makofi. Aliyeisikia kama ya kudai anajua ina maswali mawili ya kuulizwa kila mwezi, nayo ni pesa zimefika mikononi mwa nani, na udongo umeondolewa kiasi gani. Kwa wakazi, ushindi wa karatasi haupunguzi risasi katika damu ya mtoto. Neno kudai lingetulazimisha sisi waandishi tuwafuate mpaka kitu kinachodaiwa kipatikane, badala ya kuondoka na maikrofoni zetu pindi mtu mwovu anapotajwa.

Ila nikikinadi kudai hivi, lazima nikiwekee mpaka, maana kuna upande ambao watu wa mji huu wamekitumia vibaya. Binti amedhulumiwa na jamaa, au mke amevunjwa mkono, na baraza likaketi. Wazee wakazungumza kwa upole, wakatafuta kiasi, mbuzi au pesa za hospitali, na jambo likaitwa limekwisha kwa sababu "wamedai na wamelipwa". Hapo adabu ya kudai imegeuzwa pazia. Kama tungekuwa hatujakitumia kushtaki kwa kila dipoziti na kila mkopo wa simu, pengine kingekuwa bado na uzito wake tukikihitaji kwa jambo la namna hii, na asiyetaka kukitumia angeonekana wazi kwamba anaficha kosa. Sheria ya Kenya haina shaka juu yake. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, familia haiwezi kukubaliana faili ifungwe. Uamuzi wa kuacha uko kwa upande wa mashtaka, na kifungu cha 157 cha Katiba kinamzuia hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Wazee wakija kortini na karatasi iliyosainiwa na pande mbili, wakasema yameisha nyumbani, hakimu anaweza kuipokea karatasi, akaiweka ndani ya faili, akataja tarehe ya shahidi wa kwanza.